Nafasi ya Nne

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa msaidizi wa mwalimu katika idara ya elimu ya viumbe pale chuo kikuu, Dar es Salaam, wanafunzi walinijua kwa mlio wa hatua zangu kabla hawajaniona uso. Nataka kusimulia likizo moja ndefu ya miaka hiyo, kwa sababu nilitenda jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka huwa nainuka, hata kama nilikuwa nimekaa kula.

Kwanza nieleze nafasi zenyewe. Idara ilikuwa na mradi wa kuchunguza uduvi na kamba wachanga katika hori moja upande wa Mbegani, yaani ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko. Kila likizo ndefu wanafunzi wanne walichukuliwa kwenda kwenye kituo cha mradi huko, kushika utafiti kwa mikono yao: kukokota wavu matopeni, kuchambua, kuhesabu, kuandika. Halikuwa jambo dogo. Aliyemaliza shahada bila kugusa utafiti, serikali ilimpangia kwenda kufundisha sekondari. Kufundisha ni kazi njema, nimeifanya na sijuti, lakini ukishakwenda huko mlango wa maabara ulifungwa nyuma yako. Aliyekaa miezi mitatu horini ndiye aliyekumbukwa pale alipotafutwa mtu wa kusomeshwa zaidi. Wanne tu, katika darasa zima.

Na walichaguliwaje? Ijumaa ya mwisho ya muhula, saa saba mchana, Landrova ya mradi ilipakiwa vyavu, ndoo na madumu ya fomalini ya kuhifadhia sampuli, nyuma ya maabara. Aliyekuwapo akasaidia kupakia, alipanda. Basi. Mkuu wa mradi alijivunia utaratibu huo. Alisema mwenye kiu hapelekewi maji kitandani. Alikuwa mtu mwema, mtu wa bara aliyesoma ng'ambo, na haikumpitia akilini kwamba Ijumaa saa saba sehemu kubwa ya darasa lake ilikuwa msikitini. Wala haikumpitia kwamba msichana hawezi kurukia nyuma ya gari lililojaa wavulana, akaenda asikojua atalala wapi.

Mimi ni mwanamke wa Bagamoyo, tena wa mji mkongwe. Hori lile ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka kwetu, na katika uanafunzi wangu nililikosa mara mbili. Mara ya tatu nilipanda kwa sababu kijana mmoja alishikwa na homa na mkuu akahitaji mtu wa kuongea na wanawake wanaotanda uduvi, yaani kuwavua kwa kanga. Ndivyo nilivyoingia katika sayansi, kwa mlango wa homa ya mwenzangu. Nilipopewa kazi pale idarani, jambo la kwanza nililoapa ni kwamba mtu mwingine asiingie hivyo.

Nilimsumbua mkuu mihula miwili. Nilimfuata ofisini, nikamfuata kantini, siku moja nikamfuata hadi kwa kinyozi. Mwishowe akasema, "Ndugu yangu, fanya unavyotaka, lakini kituo kikiharibika nitakuuliza wewe." Nikatoka mbio kabla hajabadili mawazo.

Nikabandika tangazo ukutani wiki tatu kabla ya likizo, anayetaka aandike jina. Kisha nikaweka jaribio, siku ya Jumatano. Kila mmoja alipewa sahani ya matope na takataka za horini, achambue kwa saa moja: uduvi huku, kamba wachanga huku, vilivyobaki kule. Wavulana wawili waliokuwa na uhakika wa nafasi zao walitenga vipande vya miguu ya kaa wakidhani ni kamba. Nilicheka peke yangu maabara nzima.

Aliyewashinda wote alikuwa msichana wa mwaka wa pili kutoka upande wa Iringa, mwembamba, mpole wa kukera, ambaye hata akiulizwa swali alilolijua alijibu kama anayeomba msamaha. Sahani yake ilikuwa na mafungu manne. Nilimwambia kwa ukali kwamba nilisema matatu. Akasema, taratibu, "Samahani mwalimu, hawa uduvi naona ni wa namna mbili." Nikainamia hadubini. Walikuwa wa namna mbili. Nilikuwa nimewahesabu miaka miwili kama namna moja.

Nilimuuliza amejifunza wapi kutazama hivyo. Akasema kwao alikuwa akichambua ulezi, na bibi yake akikuta chenga moja alimrudishia ungo mzima aanze upya.

Hivyo wavulana watatu wakapata nafasi tatu, mmoja wao mtu ambaye kila mwaka alikuwa msikitini gari likipakiwa, na nafasi ya nne ikawa ya msichana yule. Wa tano katika jaribio, kijana mnyamavu wa Lindi, nikamwambia asubiri. Nilijiona nimeshika haki mkononi kama kuku wa sikukuu.

Likabaki la malazi. Mlezi wa wasichana pale chuoni hakukubali mwanafunzi wake alale kituoni pamoja na wanaume. Mimi niliruhusiwa kwa kuwa mfanyakazi, nililala katika stoo ya chupa. Mwanafunzi alitakiwa kukaa katika nyumba ya mtu mzima mwenye heshima zake. Sikufikiri mara mbili, nikasema atakaa kwa mama yangu, Bagamoyo mjini. Dereva angepita kumchukua njia panda kila siku saa ya kazi, akimaliza angemrudisha.

Mama alimpokea kama aliyekuwa akimsubiri. Alimmwagia maswali ya hali za wazazi, mifugo na mvua za Iringa, akampikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akampa chumba changu na mto wangu. Msichana alipiga magoti kumsalimia, "Shikamoo mama," na mama akaitikia "Marahaba mwanangu," huku akinitazama mimi ambaye goti langu alikuwa hajaliona tangu nianze shule. Nikawaacha, nikarudi Mbegani moyo mweupe.

Kazi ya horini hufuata maji. Lazima uwepo yakiwa yamekupwa kabisa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukupwa karibu saa nne asubuhi. Unakunywa chai yako vizuri kisha unaenda. Lakini kila siku yanachelewa kidogo, na baada ya wiki yanafika maji mafu, na hapo kukupwa huangukia alfajiri na tena jioni. Jioni usubi wa mikokoni humla mtu hadi kwenye kope, kwa hiyo tulikwenda alfajiri. Gari lilitoka kituoni saa kumi, likampitia msichana saa kumi na nusu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya bamvua. Alifanya kazi hivi kwamba hata mkuu, aliyekuja kukagua, alikunywa chai yake bila kupata la kukosoa. Wiki ya pili, siku ya kwanza, dereva akarudi peke yake.

"Yuko wapi?"

"Sikumwona. Nimesubiri nimechoka, na honi siwezi kupiga mjini saa ile."

Alikuja mwenyewe adhuhuri, kwa miguu, viatu mkononi, akakaa kuchambua sampuli za wenzake hadi magharibi. Nilimuuliza mbele ya watu kwa nini hakuja. Akasema, "Nisamehe mwalimu, nilichelewa." Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Siku nne. Kila siku nikiandika katika daftari la mahudhurio: Hakuja. Kisha wiki ya tatu ikaingia, bamvua tena, na kila siku alikuwa njia panda kabla ya gari, ameshika ndoo.

Siwezi kueleza jinsi nilivyokuwa wiki ile. Nilikuwa natembea tu. Natoka stoo naenda ufukweni, narudi, nafungua chupa ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Mkuu alikuwa amesikia, na alinitumia kikaratasi kwa dereva: "Habari za nafasi ya nne?" Maneno matano tu, lakini nilisikia na kicheko chake. Mmoja wa wavulana aliniambia kwa upole kwamba labda ni mambo ya kike. Nikamfokea. Kweli nilikuwa nikimfokea yule msichana, maana nilikuwa nimempigania mbele ya watu, na kila alfajiri aliyokosa niliona ananivua nguo sokoni. Wavulana wakichelewa niliwatania. Yeye sikumtania.

Wiki ya nne, maji mafu, siku ya kwanza: hakuja. Ya pili: hakuja. Alipofika adhuhuri nikamwita nje.

"Una sababu?"

Alitazama chini. "Nilichelewa, mwalimu."

"Kuna mtu anaisubiri nafasi hii."

"Najua."

"Basi nitampa."

Nilitarajia alie, ningejua la kufanya. Hakulia. Alisema, "Ndiyo mwalimu," akaingia ndani akamaliza sahani aliyoianza, akaifuta meza yake, akaniaga. Siku ileile nikampelekea simu ya maandishi kijana wa Lindi, aliyekuwa bado anasubiri chuoni. Siku ya tatu alikuwa amefika na begi lake, na furaha yake ilinitia kinyaa bila sababu niliyoweza kuitaja.

Siku hiyohiyo baada ya chakula cha mchana nilikaa, kwa ajabu yangu, kujaza karatasi kubwa za mwezi. Karatasi zile zilikuwa na mistari: tarehe, saa ya kukupwa maji, hali ya maji, walioshiriki, idadi. Nilikuwa nikinakili majina kutoka daftari la mahudhurio. Na nilipofika katikati mkono wangu ukasita. Mapengo ya yule msichana yalikuwa yamejipanga. Kila penye pengo, safu ya saa ilisoma alfajiri. Penye saa mbili asubuhi, saa nne, saa sita mchana, hapakuwa na pengo hata moja. Siyo moja. Mtu mvivu hana mpango mzuri hivyo.

Miaka yote kazi yangu ilikuwa kutazama karatasi kama ile na kuuliza uduvi, mbona siku hizi mpo na siku zile hampo? Mnyama asiyezidi ukucha nilimuuliza sababu, nikamtafutia chumvi, mwezi na upepo. Mwanafunzi wangu nilimuuliza mara moja mbele ya watu, tena sauti juu, na mara ya pili nimeshamhukumu. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimekalia la kwangu mwezi mzima.

Nilimchukua dereva, tukaenda mjini. Mama alikuwa uani anachambua mchele.

"Mgeni yuko wapi?"

"Kwanza salamu," akasema. Nikamsalimia nimesimama mguu mmoja. Akaniambia msichana alikuwa ameondoka asubuhi na lori la nazi linalokwenda Chalinze, huko angepata basi la Iringa. "Kaniaga vizuri. Kanifulia na mapazia. Mtoto yule amelelewa, si kama wengine."

"Mama, alfajiri alikuwa anaamka?"

"Anaamka? Saa kumi yuko mlangoni, viatu mkononi asiniamshe. Mimi nishasikia. Namwambia rudi ulale mwanangu, dadako hana neno, atakuelewa."

"Kwa nini?"

Mama aliweka ungo chini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Nimekabidhiwa mtoto wa watu. Azana bado, giza, nimtoe nje apande gari la mwanamume peke yake? Mama yake akija kuniuliza nitamwambia nini, kwamba kulikuwa na uduvi?"

"Mimi ulikuwa ukiniacha."

"Wewe nilikuacha lini? Wewe ulikuwa unatoka."

Hapo nikakaa chini, juu ya kizingiti. Ilikuwa kweli. Mimi nilimbishia mama tangu nilipojua kusema. Ningesema naenda, na ningeenda, naye angenipigia kelele hadi kona ya msikiti, kisha jioni tungekula pamoja. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu mwingine, aliyelala nyumbani kwa mama yangu na kula mkononi mwake, asingekuwa na mlango huo. Wala asingeweza kuja kunishitakia mama yangu mwenyewe. Alichobaki nacho ni kusema nilichelewa, na alikisema kila siku, na mimi nikaandika.

"Kwani ilikuwa kazi ya lazima?" mama akauliza. Nilikuwa nimeshafika kwenye gari.

Njia ya Chalinze ilikuwa mashimo matupu, na dereva hakuwa mtu wa haraka. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, akanijibu kwamba haraka haraka huvunja springi, na springi hana nyingine. Tulifika alasiri. Malori yalikuwa yamejipanga pande zote mbili, watu wanauza mayai ya kuchemsha na machungwa, matingo wanaita Morogoro, Tanga, Dar. Nilizunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Nilimkuta upande wa mabasi ya bara, amekaa juu ya sanduku lake la bati, magoti pamoja, ameshika chungwa ambalo hajalimenya.

Alisimama aliponiona. "Shikamoo mwalimu."

Ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi. Nikamwambia nimetoka kwa mama, najua yote, nimekosea, arudi. Nilisema haraka haraka, kama ninayepakua mzigo.

"Ungeniambia," nikamalizia. Mpaka leo nashangaa nilikuwa na uso wa kusema hivyo.

"Ningekuambiaje, mwalimu? Nimekula kwake." Akageuzageuza chungwa. "Siku ile ya kwanza nilitaka uniulize tukiwa wawili. Ungeniuliza tukiwa wawili labda ningesema."

Basi la Iringa likaingia, watu wakaanza kusukumana. Tingo akashika sanduku lake, nikashika upande wa pili. Tulisimama hivyo, tingo na mimi, sanduku katikati.

"Nafasi yangu si ina mtu?" akauliza.

"Ina mtu. Nitamwondoa."

"Kakosa nini?"

Kijana wa Lindi alikuwa hajakosa kitu. Nilikuwa tayari kumfanyia yeye kile nilichomfanyia huyu, tena siku ya kwanza, na kuita kwamba narekebisha. Huyu mpole wa kukera alikuwa ameliona kabla yangu, huku basi linanguruma.

Sasa lazima niseme kwamba horini nilikuwa na sehemu yangu. Vituo sita vya juu, yaani mahali pa kukokotea wavu karibu na mdomo wa maji matamu, vilikuwa vya utafiti wangu mwenyewe wa shahada ya pili. Nilikuwa nimebakiza msimu mmoja. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Utachukua vituo vyangu," na papo hapo moyo wangu ukasema usimpe. Ningependa kuandika kwamba nilitoa kwa furaha. Nilitoa kwa sababu nilikuwa nimeshasema, na dereva alisikia.

Msichana akamwambia tingo, "Samahani kaka, shusha," ingawa sanduku lilikuwa halijapandishwa.

Usiku ule nililala Bagamoyo na kumweleza mama mambo yote, hata nafasi, hata serikali, hata mlango wa maabara. Nilikuwa sijawahi kumweleza. Siku zote nilimwambia tu naenda kazini. Alisikiliza. Akasema hawezi kumtoa mtoto wa watu gizani na dereva, na hilo halibadiliki. Nikaanza kupanda sauti. Akainua mkono. "Sijamaliza. Nimesema hatatoka na dereva. Sijasema hatatoka."

Maji mafu yaliyofuata, saa kumi na nusu, njia panda walisimama wawili. Mama alikuwa amevaa buibui lake zuri, la harusini. Alipanda mbele, akamweka msichana nyuma, akamwambia dereva asiendeshe kama anayekimbiza mwizi. Horini hakushuka. Alisali alfajiri yake juu ya mkeka kando ya gari, akarudi kwenye kiti, akalala mdomo wazi hadi tulipotoka matopeni. Alifanya hivyo kila maji mafu, hadi likizo ikaisha. Hakupata kuuliza tunatafuta nini.

Mkuu nilimwandikia mwenyewe, ukurasa mzima, kwamba pengo lilikuwa langu na si la nafasi ya nne. Alijibu kwamba sawa, mwakani niulize malazi kabla ya kubandika matangazo. Niliuliza, kila mwaka, mtu mmoja mmoja na mlango umefungwa: utalala wapi, nani atakuzuia, saa ngapi huwezi kutoka. Wengine waliniona mbea. Shahada yangu ya pili ilichelewa miaka miwili, na siku nyingine nilimwonea kijicho yule msichana akiwa ameinamia hadubini yangu, akihesabu uduvi wangu wa namna mbili.

Hakupelekwa kufundisha. Idara ilimshika. Ilipotoka ripoti yake ya kwanza iliyopigwa chapa, aliniletea nakala, akanishika mkono, akaondoka kuwahi darasa. Niliipeleka Bagamoyo na kumfasiria mama ukurasa wa shukrani. Kwanza kabisa alitajwa yeye, jina lake na la baba yake, kwa kumsindikiza mwandishi kila alfajiri ya maji mafu. Kisha dereva. Kisha wanawake wanaotanda uduvi. Mwishoni, msimamizi wa kituo.

Mama aliniomba nirudie jina lake. Nikarudia.

"Na wewe uko wapi?"

"Msimamizi wa kituo ndiye mimi."

"Hana jina huyo?"

"Hana."

"Hiyo si haki," akasema.

"Ni haki, mama," nikamwambia, na kwa mara hiyo moja sikuwa na haraka ya kuinuka.